Mauaji ya Mji Mdogo: Tuliyojifunza kwa Kuandika Hadithi za Upelelezi Huku Magharibi

Katika mji mdogo wa magharibi mwa Kenya, mtu akikutwa amekufa alfajiri, kufikia saa nne asubuhi soko zima linajua alikula wapi jana jioni, alionekana na nani na anadaiwa na nani. Wasichokijua ni kimoja tu: ni yupi kati ya hao wanaosalimiana kila siku aliyemuua. Hadithi ya mauaji ya mji mdogo huanzia hapo. Sisi tunaoziandika na kuzihariri tumeona kwamba eneo hili, kuanzia Nakuru hadi Busia, lina kila kitu ambacho hadithi hizi zinahitaji, na kwamba nyingi huharibika kwa sababu mwandishi ameenda kutafuta mbali vitu vilivyo mlangoni pake.

Tueleze kwanza ni hadithi za namna gani. Mauaji hutokea, lakini damu haimwagiki mbele ya msomaji. Anayechunguza ni mtu wa kawaida wa pale pale mjini, asiye na bunduki wala kitambulisho cha kazi. Washukiwa wote wanafahamiana. Hakuna mtoto anayeuawa, hakuna mateso yanayosimuliwa kwa kina, na mwishoni muuaji hujulikana kwa hoja ambazo msomaji alikuwa nazo muda wote. Kitabu cha aina hii kwa kawaida huwa na maneno kati ya 60,000 na 80,000, na maiti huonekana mapema, ndani ya sehemu moja ya kumi ya mwanzo hivi. Ukichelewesha kifo hadi katikati, msomaji atakuwa ameshazoea kusoma hadithi ya ndoa au ya shamba, na mauaji yatamjia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kuna wanaosema hadithi hizi zinapendwa kwa sababu ni nyepesi. Hatukubaliani nao. Msomaji wa Kisumu au Kakamega anajua jinsi kesi ya mauaji inavyoweza kutajwa na kuahirishwa mwaka baada ya mwaka, shahidi mmoja akahama, mwingine akafariki, familia ikazeeka ikisubiri. Anapofungua kitabu hiki anapewa ahadi ambayo maisha mara nyingi hayampi: kila swali litakaloulizwa litajibiwa, na marehemu hatasahauliwa, hata akiwa mchuuzi wa ndizi asiyejulikana nje ya kata yake. Ahadi hiyo ni nzito. Mwandishi anayeichukulia kama mchezo hujikuta anamchezea marehemu, na msomaji hulihisi jambo hilo upesi.

Mvuto wa pili ni kwamba ujuzi unaotosha kufumbua fumbo ni ule alio nao msomaji mwenyewe. Mwandishi wa Uingereza Agatha Christie alipomleta mpelelezi wake Miss Marple katika riwaya nzima mwaka 1930, alimpa silaha moja: kukijua kijiji kimoja vizuri. Bibi yule humlinganisha mshukiwa na mtu aliyewahi kumfahamu kijijini kwake, na kwa ulinganisho huo humtambua. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitutangulia wote. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, maiti hukutwa penye mzimu, watu wakaingiwa na hofu, na mpelelezi Bwana Msa akakataa kuamini kwamba mzimu unaua. Akataka sababu inayoshikika. Nasi twafanya vivyo hivyo, ila sababu zetu zimo katika daftari la mwekahazina, kwenye mizani ya kituo cha majani chai na katika gorogoro, kopo la kupimia, ya omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria.

Kuhusu mahali, ushauri wetu ni huu: mji wenyewe ubuni, majirani zake wawe wa kweli. Uweke mji wako kati ya Luanda na Yala, kwa mfano, kando ya reli ile ya kwenda Butere, na msomaji atajua mara moja matatu zinakotoka, Kijaluo na Kiluhya vinavyopishana sokoni, na hospitali kubwa iko upande gani. Ukitumia mji halisi, utamwumiza mtu. Mji mdogo huwa na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya upili ya wasichana, mwenye duka la dawa mmoja, mhubiri mmoja mwenye gari jeupe. Ukimfanya yeyote kati yao kuwa muuaji, hata ukibadilisha jina, watu watamnyoshea kidole jirani yao aliye hai.

Chora ramani kwenye karatasi moja kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Weka barabara ya lami, njia za panya, mto, soko, kanisa na msikiti, kinu cha posho, agroveti, wakala wa M-Pesa, kibanda cha chai, stendi ya boda. Kati ya kila sehemu mbili andika dakika za kutembea. Mtu mzima hutembea kilomita moja kwa dakika 12 hivi njia ikiwa kavu. Mvua ikishanyesha kwenye udongo mwekundu wa miteremko ya Maragoli, mpe 20. Halafu andika saa za mji: mwenye maziwa hupita lini, kengele ya shule ya bweni hulia lini, kinu cha posho huanza kunguruma lini, mama wa mandazi huwasha jiko lini. Jedwali hilo ndilo kitabu chenyewe. Muuaji lazima avunje mazoea fulani ili aue, na mpelelezi atamjua kwa mazoea yaliyovunjika.

Sababu ya kuua iwe ndogo kiasi cha kueleweka na kubwa kiasi cha kuuma. Magenge ya dawa za kulevya na mabilioni ya serikali hayafai hapa, kwa sababu yanamtoa muuaji nje ya mji. Shamba linatosha. Mtu akitaka kuuza shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, na mke au mume naye lazima aridhie; basi yupo mtu aliyekataa kuridhia. Mzee akifariki, familia inayofungua kesi ya urithi hutakiwa kwenda na barua ya chifu inayotaja warithi. Hiyo barua peke yake ni riwaya nzima. Nani aliipiga chapa kwenye saiba? Jina la binti wa mke wa pili liliachwa kwa bahati mbaya au kwa makusudi? Muhuri ulipigwa chifu akiwa ofisini au akiwa kwenye baraza upande wa pili wa kata? Maswali ya namna hii msomaji wetu anayaelewa bila kuelezwa, kwa kuwa pengine naye yamemkuta.

Sasa mpelelezi. Waandishi wengi wachanga humchagua mwanahabari kutoka Nairobi au polisi aliyestaafu. Mgeni hulazimika kuelezwa kila kitu, na mjini watu humnyamazia. Tafuta mtu anayeingia kila boma bila kuulizwa amefuata nini. Fundi cherehani anafaa, kwa sababu anajua nani amekonda na nani ameagiza suti nyeusi. Karani wa kanisa anafaa. Lakini hakuna anayefaa kuliko mhudumu wa afya ya jamii. Yeye amepewa nyumba zipatazo 100 za kutembelea, ana begi lenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani, na vijijini humwita daktari ingawa si daktari. Anajua nani humeza dawa za presha na nani amezificha chini ya godoro. Na hapo hapo ndipo ugumu wake ulipo: mengi anayoyajua ameyajua kwa siri ya kazi, na hawezi kuyatoa hadharani. Mhusika anayejua ukweli na hana ruhusa ya kuusema huibeba hadithi vizuri kuliko anayekimbizana na watu kwa pikipiki.

Jambo linalotupa faida kubwa kuliko yote ni matanga. Katika hadithi za Kiingereza, mwandishi hulazimika kuwakusanya washukiwa kwa nguvu: theluji inaziba barabara, au mwenye jumba kubwa anaalika wageni. Huku kwetu kifo chenyewe huwakusanya. Ndugu wanatoka Nairobi, Mombasa na Eldoret, turubai linasimama, viti vinakodiwa, kamati ya mazishi inachagua mwenyekiti na mwekahazina, na watu waliogombana miaka mingi wanalala boma moja. Tena kuna kikomo. Mwili uko mochari, kibali cha mazishi kinasubiri upasuaji, na maziko yamepangwa Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya Jumamosi hiyo kila mtu anapanda basi, na ukweli unatawanyika nao. Huhitaji kubuni saa nyingine ya kumkimbiza mpelelezi. Kama familia ni ya Waislamu wa Mumias, hesabu inabadilika, maana marehemu hatacheleweshwa kuzikwa. Basi ipange hadithi yako kuelekea arobaini.

Tuonyeshe jinsi dokezo linavyotengenezwa, kwa mfano mmoja wa matanga. Mzee anayekodisha viti na turubai ana kitabu cha stakabadhi chenye nakala za kaboni. Kila ukurasa una nambari iliyochapishwa tayari. Marehemu alikutwa Jumamosi asubuhi, tarehe 14. Mhudumu wa afya anapita kumpima mzee presha, kitabu kiko wazi mezani.

"Mzee, hivi viti vya matanga vililipiwa lini?"

"Jumamosi, daktari. Tarehe ndiyo hiyo, tazama."

"Naona, nambari 0418. Na hawa wa 0419 ni wa wapi?"

"Hao ni wa harusi, walilipa Ijumaa. Walikuja mbio mbio, nusura wakose turubai. Haya, funga mkono huo mwingine, huu umeanza kufa ganzi."

Msomaji ameshapewa kila kitu. Stakabadhi huchanwa kwa mfuatano. Aliyepewa 0418 alilipa kabla ya watu wa harusi, na watu wa harusi walilipa Ijumaa. Maana yake mtu alikodi viti vya matanga kabla marehemu hajakutwa, akaomba tarehe iandikwe ya siku ya kupelekwa viti. Ukiisoma haraka unaona tarehe, huoni nambari. Angalia pia jinsi mzee anavyokatiza mazungumzo kwa kulalamikia mkono wake. Dokezo likishatajwa, mpe msomaji kitu kingine cha kushughulika nacho papo hapo: maumivu, kicheko, mtu anayebisha hodi. Ukilinyamazia dokezo, ukimya wako utalionyesha.

Lakini dokezo hilo halijakamilika. Msomaji mkali atauliza: muuaji gani mwenye akili angekodi viti mapema? Lazima jibu litoke katika tabia yake. Ni Desemba, kila wikendi ina harusi na mazishi, maturubai yanakwisha, na huyu ni ndugu ambaye maisha yake yote amekuwa akisifiwa kwa kuandaa shughuli za ukoo bila dosari. Anaogopa aibu ya wageni kukaa juani kuliko anavyoogopa polisi. Dokezo zuri hufanya kazi mbili: linathibitisha tendo, na linamfichua mtu. Likifanya moja tu, tafuta jingine.

Kwa upande wa ziwa, kuna dokezo ambalo tunashangaa halitumiwi mara nyingi zaidi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa huwavuta samaki wale wadogo hadi chini ya mwanga, kisha wavu hupandishwa. Mbalamwezi inapowaka, taa haina nguvu, omena hutawanyika, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Mshukiwa akisema "usiku ule nilikuwa ziwani navua omena," na usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, kila mtoto wa ufuoni anajua kuna kasoro. Mtu wa bara hajui. Mweke mpelelezi wa bara asikie kauli hiyo katika sura ya nne, aiamini, kisha sura ya kumi aketi na akina mama wanaoanika omena, mmoja aseme tu kwamba wiki ile hawakuwa na cha kuanika.

Hapa usahihi unahitajika, la sivyo utaumbuka. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, ambayo huku kwetu karibu na ikweta ni kama saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro mwaka mzima. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku nne baada ya mwezi mpevu, mwezi hutoka karibu saa nne usiku, na kabla ya hapo kuna giza la saa tatu ambalo mvuvi angeweza kulitumia. Mshukiwa wako akisema alivua usiku huo mapema, uongo wake haujathibitika. Ukitaka uongo ushikike, uweke usiku wa mwezi mpevu wenyewe au mmoja baada yake. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Fungua kalenda ya mwaka wa hadithi yako uhakikishe. Kumbuka pia kwamba uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Hadithi ya Mei yenye mitumbwi ya omena ikirudi alfajiri kwa furaha itamfanya msomaji wa Dunga au Usenge afunge kitabu, isipokuwa uvuvi huo wa wizi ndio siri ambayo mshukiwa anaificha.

Na siri kama hiyo ina thamani. Washukiwa wawe watano au sita. Wakizidi hapo, msomaji huanza kurudi nyuma kutafuta majina. Kwa kila mmoja jaza mistari mitatu: ana sababu gani, alikuwa na nafasi gani, na anadanganya kuhusu nini. Mstari wa tatu ndio waandishi husahau. Kila mshukiwa adanganye kuhusu jambo moja, na wengi wadanganye kwa aibu wala si kwa hatia. Shemasi hakuwa kwenye mkesha, alikuwa akicheza ajua, mchezo wa bao, na marafiki mjini. Mvuvi alivua msimu uliofungwa. Mjane alikwenda kwa wakili kabla ya maombolezo kwisha kwa sababu watoto wamefukuzwa shule kwa karo. Uongo unapofumbuliwa mmoja mmoja, msomaji anaanza kuwaonea huruma watu aliowashuku. Tunadhani utamu wa hadithi hizi uko hapo kuliko kwenye jina la muuaji.

Saa ya kifo huharibu miswada mingi. Mwandishi huiga filamu: daktari anatazama maiti na kutamka, "Alikufa saa tatu na robo." Hakuna daktari makini anayesema hivyo. Atatoa kipindi cha saa kadhaa, na kipindi hicho hutegemea mahali. Mwili huanza na joto la nyuzi 37 na kupoa kuelekea joto la hewa. Kisumu, iliyo mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, alasiri inaweza kufika nyuzi 30, kwa hiyo mwili hupoa polepole sana. Molo, iliyo juu zaidi kwa zaidi ya kilomita moja, usiku wake ni wa baridi kali na mwili hupoa upesi. Kukakamaa nako huenda kinyume. Kwa kawaida huanzia tayani na shingoni baada ya saa mbili hadi nne, hufika mwili mzima baada ya saa 12 hivi, kisha hulegea. Penye joto hutangulia na kuisha mapema, penye baridi huchelewa na kudumu. Mwandishi wa Kisumu anayeandika kuhusu Molo kwa hesabu za nyumbani kwake atamkamata mtu asiyehusika. Kuna jambo jingine linalosaidia: damu hutuama upande wa chini wa mwili, na baada ya saa nane hadi 12 hivi alama hiyo haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Maiti akikutwa kifudifudi huku alama ziko mgongoni, alihamishwa. Sema hivyo kwa sentensi moja, kupitia kinywa cha muuguzi, kisha endelea. Msomaji wa hadithi hizi hataki kukaa mochari.

Simu nayo inatisha waandishi, wanafikiri imeua fumbo. Haijaua. Ujumbe wa M-Pesa una jina, kiasi, tarehe na dakika, kwa hiyo unaweza kumwokoa mshukiwa au kumzamisha. Ila jina linaloonekana ni la aliyesajili laini, na katika boma nyingi laini ya marehemu baba bado inatumiwa na kijana wa mwisho. Ujumbe unasema mzee aliyezikwa mwaka juzi alituma shilingi 1,500 usiku wa mauaji. Kijiji kitasema mengi kuhusu ujumbe huo kabla mtu hajauliza laini iko kwenye simu ya nani.

Hilo linatuleta kwenye uchawi. Usijifanye haupo midomoni mwa watu. Wanachama wa Detection Club, chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi kilichoanzishwa London mwaka 1930, walikula kiapo cha kutotumia miujiza kufumbua mafumbo yao, na sheria hiyo inatufaa sana: uchawi uwe pazia, usiwe jibu. Lakini tunasisitiza jambo moja zaidi. Kama kijiji kinamshuku bibi kizee kwa urogaji, usimfanye yeye kuwa muuaji mwishoni, hata kwa sumu ya kawaida isiyo na uchawi wowote. Yapo maeneo ya nchi hii ambako wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Hadithi inayomalizika kwa kuthibitisha kwamba yule bibi alikuwa mbaya tangu mwanzo inaongeza kuni kwenye moto wa kweli. Afadhali muuaji awe yule aliyeanzisha uvumi.

Polisi wasiwe wajinga. Hii ni njia rahisi ya kumwinua mpelelezi wako, na inaonekana. Maiti ikikutwa, taarifa inapelekwa kituoni na kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, nambari inatolewa, mwili unachukuliwa, ndugu wanautambua kabla ya upasuaji, na wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wanachukua maelezo. Mpe afisa wako akili na mzigo mkubwa: mafaili mengi, gari moja, mafuta haba. Yeye ana mamlaka, mhudumu wa afya ana masikio. Mpelelezi wako akipata kitu chenye uzito, akipeleke kituoni ndani ya siku hiyo. Akikificha mfukoni sura tatu ili fumbo lirefuke, anaweza kuwa mkosaji kisheria, na msomaji mwenye ndugu wakili atakuuliza kwa nini hakushtakiwa. Badala yake mwache apeleke kitabu cha stakabadhi, afisa aone tarehe, asione nambari. Huo si ujinga. Nasi wengine tungeona tarehe tu.

Ukifika kwenye ufichuzi, usiwakusanye washukiwa sebuleni kama katika hadithi za Uingereza. Mahali pake huku ni kikao cha kamati, mwekahazina akisoma michango jina baada ya jina, kiasi baada ya kiasi, watu wakinung'unikia sufuria na gharama ya mafuta ya jenereta. Kila mtu yupo, kila mtu anasikiliza jina lake, na hesabu inasomwa kwa sauti. Mhudumu wa afya anaomba tu risiti ya viti isomwe nambari pamoja na tarehe. Asihutubie kurasa kumi. Maswali matatu au manne yanatosha, na afisa awe amesimama karibu na turubai kwa kuwa ameshaarifiwa. Sura inayofuata iwe fupi, imrudishe marehemu: amezikwa wapi, jina la binti limeandikwa kwenye barua mpya, nani amechukua kibanda chake sokoni. Wengi huikata sura hiyo wakidhani msisimko umeisha, kumbe msomaji alikuwa akiisubiri.

Ukikusudia mfululizo wa vitabu, kuna tatizo ambalo watazamaji wa Murder, She Wrote wanalijua. Kipindi hicho cha televisheni kiliendelea Marekani kuanzia 1984 hadi 1996, na kamji ka Cabot Cove kakaua watu wengi kuliko kanavyoweza kuwa nao. Mji wako usiwe mwisho wa barabara. Uwe na njia panda, siku ya soko, shule ya bweni, kituo cha reli, ili kila kitabu kilete wageni wake na mazishi yasimalize wenyeji.

Mswada ukikamilika, usiupeleke kwa mwalimu wa fasihi kwanza. Mpe sura ya ziwa mtu aliyewahi kulala ndani ya mtumbwi, sura ya kamati mwekahazina wa chama, sura ya maiti muuguzi. Waambie wasitafute makosa ya lugha, watafute mahali ambapo wangesema "hapana, haifanywi hivyo." Sahihisha hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, hata kama kusahihisha huko kutakulazimisha kubadilisha muuaji.